Matawi Yaliyomwagwa Shambani kwa Mama Fausta

Niliwaona juzi, vijana. Msidhani sikuwaona. Mlikuja na ile mashine yenu ya petroli inayolia kama nyigu aliyefungiwa kwenye debe, mkaunyoa ua wa jirani yangu kabla chai yangu haijapoa, mkapigana picha, kisha mkayakusanya matawi yote mkayasukumia kwenye korongo la nyuma ya shule. Mimi nilikuwa kibarazani. Nikawaita. Mmoja wenu akanipungia mkono akasema, "Shikamoo babu, kazi imeisha!" Marahaba. Imeisha nini? Kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Nimefyeka nyua Karatu, na baadaye kule juu Ngorongoro, tangu ndevu hazijaniota hadi magoti yaliponigomea. Miaka ya sabini na themanini karibu yote niliitazama nikiwa nimeinama, panga mkononi na miba mgongoni mwa shati. Watu walinicheka. Shemeji yangu mmoja alikuwa akinitambulisha kwa wageni wake, "Huyu ni kinyozi wa vichaka." Sikumjibu, maana ua wake ulikuwa mbaya kuliko wote mtaani na alikuwa akisubiri niukate bure.

Kila aliyeniita alitaka jambo lilelile. Ua umesahauliwa tangu baba yake alipofariki, sasa ukatwe leo, upendeze leo, na matawi yatoweke leo. Yatoweke yaende wapi? Hapo hakuna anayejua. Ukimuuliza mwenye nyumba, "Mzee, takataka nizipeleke wapi?" anakukazia macho kama vile umemuuliza njia ya kwenda mbinguni, halafu ananyoosha kidole upande wa jirani. Jirani naye ukimuuliza ananyoosha kidole upande wa yule wa kwanza. Karatu nzima walikuwa wakinyoosheana vidole namna hiyo, na mimi katikati na toroli langu.

Nataka niwaeleze habari ya shamba la Mama Fausta wa Qurus, lilivyobakia kidogo tu lipotee kwa sababu ya matawi yaliyomwagwa pasipotakiwa. Ila siwezi kuanzia hapo, kwa sababu mnyaa hamuujui. Mnauona kila siku, mnauegemea mkiongea na wachumba wenu, lakini hamuujui.

Tuanze na mchongoma, ambao angalau mnauogopa. Una miba mirefu kama sindano ya kushonea magunia. Watu wanaupanda ili ng'ombe wasiingie kwenye mahindi, halafu wao wenyewe wanaanika nguo juu yake. Sijawahi kulielewa jambo hilo. Siku moja nimekata ua wa mchongoma vizuri kabisa, umenyooka kama ukuta, anatoka mama wa nyumba anapiga kelele, "Umeniharibia kamba yangu!" Kamba gani? Kumbe matawi marefu ndiyo yaliyokuwa yakishikilia mashuka yake. Nikaambiwa niyarudishe. Hebu niambieni, tawi lililokatwa unalirudishaje?

Mnyaa ni kitu kingine. Hauna majani ya maana, ni vidole vya kijani vilivyorundikana, na ukiukata unatoa utomvu mweupe unaochoma kuliko pilipili. Utomvu huo ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Wamasai wanauita manyara, na hata lile ziwa la kule chini mnalowapeleka wageni watu husema limepewa jina lake. Kwetu huku mnyaa ni mpaka. Baba zetu walipogawana mashamba walichomeka minyaa kwa mstari, na mtu yeyote wa Karatu au Mbulu akiona mstari wa minyaa anajua hapa linaishia shamba la fulani na hapa linaanza la mwingine. Hakuna anayepanda minyaa katikati ya shamba lake mwenyewe. Hilo mlishike.

Aliyenifundisha ni Mzee Gwandu, tuliyekuwa tukimwita Aako, yaani babu kwa Kiiraqw chetu. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa bustani katika misheni moja ambayo sitaitaja. Hakuniruhusu kushika panga. Alinipa uma wa kukusanyia matawi, nikakaa nao msimu mzima kama adhabu. "Unatupa matawi kama unamfukuza paka!" alikuwa akinifokea. "Vitako vya matawi vyote upande mmoja! Mzigo ukipangwa hivyo unalala, na ukifika unashuka wenyewe. Wewe umenijengea kiota cha korongo hapo." Nilikasirika sana. Nilitaka kukata, kwa sababu kukata ndiko kunakoonekana, kama mnavyopenda ninyi na picha zenu.

Nilipokubaliwa kukata akanifundisha kuanza na pande, kichwa baadaye, na kuuacha ua uwe mpana chini na mwembamba juu ili jua lifike kwenye miguu yake. Ninyi mnakata kichwa kwanza, ua unavimba juu kama uyoga, chini unabaki matundu, mbuzi wanapita, halafu mnasema ni ua wa zamani. Ua hauna kosa.

Kuhusu mnyaa Aako alikuwa mkali kupita kiasi. Panga ulielekeze mbali na uso. Usiuchome ukiwa mbichi, moshi wake unatoa machozi mpaka unamsahau mama yako. Mpishi wa misheni hakuusikia ushauri huo, akasokomeza vipande jikoni akidhani amepata kuni za bure. Siku ile mapadri walikula chakula cha mchana nje, chini ya mvua, kimya. Na kikubwa kuliko vyote, usiutupe kwenye udongo. Mnyaa ukianguka kwenye udongo wenye unyevu unaota. Nimeona kipande kilichosahauliwa juu ya paa la banda la kuku kikitoa machipukizi. Kwa hiyo Aako alikuwa na mahali pake, mteremko wa mawe matupu ng'ambo ya kijito, mbali na misheni. Hapo tulikuwa tukiyalaza matawi kiangazi kizima mpaka yanakauka na kulia kama njuga ukiyatikisa.

Miaka ya baadaye nilipopanda Ngorongoro kufanya kazi katika hoteli moja ya ukingoni, nilikuta hayo yote hayajulikani. Meneja aliniita siku ya kwanza, akanionyesha ua wa nyuma ya nyumba za wafanyakazi uliokuwa mrefu kuliko madirisha. "Wageni wanafika kesho. Huu uondoe," akasema. Nikauliza takataka zinakwenda wapi. Mnajua alifanyaje? Alinyoosha kidole kuelekea kreta. Nilimwambia, "Bosi, kule ni hifadhi, ukitupa matawi ya bustani yakaota utawaeleza nini askari wa wanyama?" Akasema tutaona. Tulichokiona ni nyati. Nilipopiga panga la kwanza alitoka humohumo kwenye ua, mzee mweusi mwenye tope mgongoni, na mimi nikajikuta juu ya tenki la maji bila kujua nimepandaje. Meneja akafungua dirisha akauliza kwa nini kazi imesimama.

Mtu pekee aliyewahi kunishukuru kwa takataka katika maisha yangu alikuwa mzee wa Kimasai aliyekuwa akipita kwenda Nainokanoka na punda wake. Aliona rundo la miba niliyoikata, akasimama, akaizunguka, akaigusa kwa fimbo. "Hii unatupa?" akaniuliza. Nikasema natafuta pa kuipeleka. "Usitupe. Nitaizungushia boma, fisi wananisumbua." Akarudi na vijana na punda zaidi, wakazoa yote hadi kijiti cha mwisho. Nilitamani kumkumbatia.

Basi, sasa Mama Fausta.

Ile miaka ya katikati ya sabini, watu walipotolewa mashambani wakakusanywa vijijini, Mama Fausta naye alihamishwa. Mumewe alikuwa amekwisha fariki, amemwachia watoto na shamba pale Qurus. Nusu ya juu ya shamba hilo ilikuwa kavu na ya changarawe. Nusu ya chini ilikuwa udongo mweusi unaoshika maji, na mahindi na mbaazi za hapo ndizo zilizoilisha nyumba ile mwaka mzima. Alipewa kiwanja karibu na barabara akajenga. Shamba lake pamoja na ya jirani zake yakaunganishwa kuwa shamba la kijiji. Trekta ikalima kuanzia huku mpaka kule, ikang'oa mikonge ambayo pale Qurus ilipandwa mipakani badala ya minyaa, na wala hakuna aliyesema kitu, maana wakati ule nani angesema. Baada ya misimu michache shamba la kijiji likatelekezwa, magugu yakaota, njia ya maksai ikajichora katikati.

Wakati huohuo kule misheni ikaja habari kwamba askofu atatembelea. Ua wetu ulikuwa msitu. Minyaa ilikuwa imepanda hadi inagusa kengele. Aako Gwandu alikuwa amekwisha kustaafu, mimi ndiye niliyekuwa nimeachiwa bustani, na dereva wa trekta alikuwa Sipriani. Sipriani alikuwa kijana mtanashati, kofia upande, anapiga mluzi hata akienda kuungama. Nilimpakilia matawi ya minyaa kwenye trela, vitako vyote upande mmoja, nikamwelekeza: ng'ambo ya kijito, kwenye mawe, usimwage pengine popote. Akaitikia, "Sawa kaka Yohani." Akaondoka.

Akarudi mapema mno. Nikamuuliza, "Umefika kweli kwenye mawe?"

"Nimefika."

"Umeruka?"

"Kaka Yohani, trekta hii ina mbio."

Trekta ina mbio! Ile trekta kuku walikuwa wanaipita. Lakini trela lilikuwa tupu, na askofu alikuwa njiani, na mimi nilikuwa na upande mzima wa mashariki haujaguswa. Tukapakia tena. Ilikwenda hivyo hadi ua ulipokwisha. Wakati ule dizeli ilikuwa adimu kuliko sukari. Ukweli, ambao niliujua baadaye, ni kwamba Sipriani alikuwa akiingia Qurus kwa ile njia ya maksai, anamwaga mzigo kandokando ya njia kwa sababu hakutaka kuzama kwenye udongo mweusi, kisha dizeli aliyoibana anaitumia kubebea watu magunia. Kila mzigo aliumwaga mbele ya uliotangulia. Shamba halikuwa na mtu. Mvua ya masika ikanyesha.

Mnaona ilipokwenda.

Miaka kadhaa baadaye watu wakaanza kurudia mashamba yao ya zamani. Mama Fausta akaenda na jembe lake begani na watoto nyuma. Alipofika akakuta mstari wa minyaa umesimama, mrefu kumzidi mtu, umelikata shamba lake katikati, na upande wa chini, kwenye udongo mweusi, jirani yake Bwana Hando analima kwa maksai. Hando alikuwa mtu wa sauti laini na tabasamu la kudumu. Akasimamisha ng'ombe, akamsalimia vizuri, akawauliza watoto hali zao. Kisha akasema, "Mama Fausta, karibu sana. Mpaka ni huo hapo."

"Mpaka gani, Baba Hando? Hiyo ni katikati ya shamba langu."

"Ah, mama. Huo mnyaa umejipanda?"

Na hilo ndilo lililonikera kuliko yote, maana kweli ulikuwa umejipanda, na hakuna ambaye angeamini.

Baraza la wazee likakaa palepale shambani. Msidhani walikuwa watu wabaya. Walikuwa wazee wa heshima, walisikiliza kila mtu, wakautembea ule mstari mwanzo hadi mwisho. Hando akasema yeye na marehemu mume wa Mama Fausta walikubaliana zamani, wakaupanda pamoja. Marehemu hakuwepo kujibu. Mwenyekiti wa baraza akauliza, "Nani hapa amewahi kuona mtu anapanda minyaa katikati ya shamba lake?" Watu wakatikisa vichwa. Hata mimi nilitikisa, maana sijawahi kuona.

Mama Fausta alikuwa amenifuata asubuhi ya siku ile. Mke wangu na yeye walikuwa wa ukoo mmoja, na alijua kazi yangu. Nilipoutazama ule mstari tu nilijua. Minyaa ya kupandwa inasimama mmoja mmoja kwa nafasi, umechomekwa kitako chini. Hii ilikuwa imetoka ardhini kwa mafungu, mingine imelala na kutoa machipukizi ubavuni. Nikaomba kusema.

"Wazee wangu, shikamooni. Hii haikupandwa. Hii ni takataka ya misheni, imemwagwa ikaota."

"Ulimwona aliyeimwaga?" mwenyekiti akaniuliza.

"Sikumwona, lakini tazameni ilivyolala." Nikachukua jembe nikafukua, nikawaonyesha shina lililolala chini ya udongo.

Mzee mmoja akainama akalitazama kwa makini. "Upepo nao unalaza minyaa," akasema. "Wa kwangu umelala hivihivi." Wenzake wakaitikia kwamba ni kweli, upepo wa mwaka ule ulikuwa mbaya. Wakaanza kusimuliana habari za upepo. Nilitamani kukalia lile jembe nilie. Mwisho wakasema, bila ushahidi wa aliyeona, mstari ni mpaka. Watakutana tena baada ya Jumapili kuweka mawe juu yake, na yakishawekwa mawe, neno limekwisha.

Nikaenda kwa Sipriani. Alikuwa chini ya trekta anapaka grisi, anapiga mluzi.

"Sipriani, toka huko. Njoo uwaambie wazee kwamba ulimwaga wewe."

"Nilimwaga nini?"

"Usinifanye mtoto."

Akatoka akifuta mikono. Mluzi ulikuwa umekwisha. "Kaka Yohani, Padri akisikia habari ya ile dizeli, funguo nazirudisha siku hiyohiyo. Mimi nina watoto."

"Na Mama Fausta ana nini? Mbuzi?"

"Wazee wameshaamua. Mimi ni nani nipingane na wazee?"

Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kumpisha mzee njiani! Nikaenda kwa paroko. Akanisikiliza, akaunganisha vidole, akaniuliza, "Yohani, wewe ulimwona?" Hata yeye! Akaniambia kumsingizia mtu ni dhambi, akanirudisha kwenye maua yangu. Nilirudi nyumbani nikamgombeza mke wangu bila sababu, naye akanigombeza kwa sababu.

Siku ya kuweka mawe ikafika. Na nani aliyeyaleta mawe? Sipriani, kwenye trela lilelile, kwa kuwa baraza liliomba msaada wa misheni. Akaegesha kando ya mstari, akabaki kwenye kiti chake, kofia imeshushwa hadi machoni.

Mama Fausta akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi, hakuwa mtu wa maneno mengi. Akasema, "Wazee, sitamgusa Baba Hando. Nami siwapingi ninyi. Naomba kitu kimoja kabla jiwe halijawekwa. Naomba lo'o."

Watu wakaguna. Lo'o kwetu ni laana ya kiapo. Jambo likiwa limefichwa na mwenye kulijua hataki kusema, watu wanakusanyika wanamtamkia aliyeficha, yeyote yule, na inayoteketea ni nyumba yake yote, watoto wakiwemo. Si kitu cha kuchezea. Katekista akasimama akasema sisi ni Wakristo. Mama Fausta akamjibu, "Mimi pia ni Mkristo, katekista. Lakini watoto wangu watakula nini?" Katekista akakaa. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuja kushuhudia mawe yakiwekwa, akakohoa sana, akatazama viatu vyake.

Wanawake wa Qurus hawakungoja ruhusa. Walikuwa wamekwisha kuja na fimbo zao, wakatoka mmoja mmoja kwenye umati, wakajipanga kandokando ya minyaa kuelekea shamba la chini. Mama mmoja mzee akainua fimbo aanze, na wengine wakainua zao kumwitikia. Katikati yao, mtoto mgongoni, fimbo juu, alikuwa amesimama Mama Klara, mke wa Sipriani. Yule mama wa watu hakujua lolote. Alikuwa amekuja kumsaidia mwenzake.

Nilimwona Sipriani alipomwona. Aliruka kutoka kwenye trekta.

"Mama Klara, toka hapo!"

"Nitoke kwa nini? Mwenzangu ananyang'anywa shamba."

"Nimesema toka, shusha hiyo fimbo!"

"Baba Klara, una nini wewe? Unanitia aibu mbele za watu." Na fimbo bado iko juu, na yule mama mzee kinywa kimefunguka kutamka.

Sipriani akavua kofia. Sikuwahi kukiona kichwa chake kabla ya siku ile, naapa. Akasema kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia, "Msitamke. Ni mimi. Nilimwaga mimi, ni matawi ya misheni, hakuna aliyeyapanda." Kisha akasema habari ya dizeli, na magunia, na njia ya maksai, yote, kama mtu anayetapika.

Mama Klara alishusha fimbo polepole. Akamgeuza mtoto kutoka mgongoni akamshika kifuani, akamkumbatia sana. Hakumtazama mumewe.

Hando, naye, alisema kwamba hata yeye siku zote alikuwa akishangaa kidogo juu ya ule mnyaa. Tabasamu lilikuwepo. Kuna watu ambao hata ukiwakamata wanakushukuru kwa kuwashika mkono, na huyo mwacheni tu.

Wazee wakaamua palepale. Shamba lirudi kwa Mama Fausta lote, hadi pale visiki vya mikonge ya zamani vilipokuwa vinakumbukwa, na mawe yakawekwa huko. Minyaa ing'olewe na aliyeileta. Paroko alichukua funguo za trekta jioni ileile, kwa hiyo safari hii hakukuwa na trela. Matawi yalitakiwa yaende kwa miguu, yamebebwa kwenye turubai, mpaka ng'ambo ya kijito, kwenye mawe.

Nilikwenda naye, kwa sababu angejiua. Hakuwahi kukata mnyaa maishani mwake, alikuwa anaumwaga tu. Nilimwambia panga lielekee mbali na uso. Nilimwambia afunge kitambaa. "Nimesikia, kaka Yohani," akasema, na pigo la tatu au la nne akalivuta shina kwake, likachanika, na utomvu ukamrukia jichoni. Alipiga ukelele hata maksai wa Hando wakasimama wenyewe.

Mama Fausta alikuwa akipalilia upande wa chini. Tangu siku ya baraza hakuwa amemsemesha Sipriani, hata salamu. Aliposikia ule ukelele alitupa jembe, akakimbilia mbuzi wake aliyekuwa amefungwa pembezoni, akamburuta kwa pembe hadi pale, akamsukuma Sipriani akaanguka chali. Akamwekea goti kifuani. Akanifokea mimi nimshike mbuzi miguu. Kisha akakamata chuchu na kumkamulia maziwa, ambayo kwetu ndiyo dawa ya utomvu wa mnyaa, moja kwa moja ndani ya jicho, huku anamgombeza kwa Kiswahili na Kiiraqw vimechanganyika, kwamba ni mjinga, kwamba hana akili, kwamba mke wake ni mtu mzuri mno, kwamba asikifumbe kile kijicho chake cha wizi.

Sipriani alikuwa akilia, na si maumivu peke yake. "Mama Fausta," akasema, "mama, nisamehe."

"Nyamaza kwanza," akamwambia, anamfumbua kope kwa kidole gumba. "Tulia, maziwa yanamwagika."